Seti ya kuokea tati na watoto: vipani na kifimbo viko poa, vingine wamejazia boksi tu

Kwa wenye haraka naanza na jibu kabisa: inunue, ila ujue unachonunua ni vile vipani na kifimbo cha kusukumia, hivyo vingine karibu vyote wamejazia boksi lionekane limeshiba. Naongelea hizi seti za kuoka tati (vile viganda vya donge la unga na siagi vinavyookwa na kujazwa jemu, kastadi au matunda) zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, boksi lina picha ya mtoto kavaa kofia ndefu ya mpishi anacheka na unga umemjaa puani, ndani unakuta vipani sita vidogo vya sentimita 10, kimoja kikubwa cha kuoka tati ya familia nzima, kifimbo kifupi, kisu cha plastiki, brashi ya silikoni, kikatio cha duara, aproni na kijitabu cha mapishi. Mi ni baba wa wawili, mmoja ana miaka minne mwingine minane, na wote wameitumia vya kutosha, kinachofanya kazi na kisichofanya kazi vimeshajitenga vyenyewe.

Msimamo wangu kwenye vitu vya watoto vya jikoni uko hivi: mtoto hataki kitu cha kuchezea, anataka kifaa cha kweli kilichopunguzwa ukubwa. Ukimpa kisu kisichokata anagundua hapohapo, anakurudishia, anaenda zake kuangalia katuni na wewe unabaki peke yako na bakuli la unga na siagi vidoleni. Hii seti kwenye vitu viwili imempa kifaa cha kweli, na kwenye vitu kadhaa imempa kichezeo, na tofauti unaiona wazi kwenye sura zao wakiwa wanafanya.

Vipani kwanza maana ndo pesa yako ilipoenda. Ni vya chuma, vizito kiasi, nilibinya ukingo kwa dole gumba havikubonyea, vimepakwa ile rangi nyeusi ya kuzuia kugandisha, pembeni vina mikunjo mikunjo inayoipa tati ule ukingo wake wa mawimbi, na kitu muhimu kuliko vyote, kitako kinatoka. Kuna seti nyingine za bei ya chini vipani vyake ni kipande kimoja, hizo mi nasema achana nazo kabisa kama unapika na watoto, sababu kutoa tati nzima kwenye kipani cha kipande kimoja ni kazi hata kwa mtu mzima mwenye subira, sembuse mtoto aliyekaa anakodolea kioo cha oveni nusu saa. Kitako cha kutoka kinageuza ile sehemu ngumu kuwa sehemu ya furaha. Unachukua kikombe, unakigeuza chini juu, unaweka kipani juu yake katikati, ile pete ya pembeni inashuka yenyewe mpaka mezani na tati inabaki imesimama juu ya kikombe iko nzima. Mwanangu mdogo alipoiona mara ya kwanza alinyamaza, akainama kuangalia chini ya meza kama kuna kitu kimevuta, alafu "Baba, rudisha tena ishuke." Tukairudisha. Nadhani kama ingekuwa kwake tusingekula, tungeshinda tunapandisha na kushusha pete.

Hapohapo kwenye kitako niseme jambo ambalo kijitabu hakijalisema na lilitakiwa liandikwe kwa herufi kubwa. Usisukume kitako kwa kiganja kutokea chini kipani kikiwa cha moto. Watu wengi ndo wanavyofanya, wanabeba kipani kwa chini, pete inateleza inashuka kwenye mkono mpaka karibu na kiwiko, na ile ni chuma imetoka oveni ya nyuzi 180, inakuachia bangili ya kuungua. Subiri dakika kumi hivi, mpaka ukishika pembeni hakichomi, na bado kazi ya kushika anza wewe mkubwa. Tati yenyewe haina shida na kusubiri, tena inakaza, ukiitoa ikiwa ya moto sana ukuta wake unavunjika.

Kitu kingine cha hivi vipani vyenye vipande viwili, vinavuja. Siyo kasoro ya hii seti, ndivyo vilivyo vyote duniani, siagi ikiyeyuka inapita kwenye kiungo inadondoka chini ya oveni na jikoni linajaa moshi. Weka trei bapa chini yake. Na hiyo trei usiiweke baridi, iache ndani ya oveni wakati inapata moto, ukija kuweka vipani juu yake kitako kinapigwa na joto papo hapo, chini ya tati inaiva badala ya kubaki mbichi imelowa. Pia hizi nyeusi zinabana joto kuliko zile za kung'aa, kwa hiyo muda wa kwenye mapishi yoyote uliyozoea anza kuchungulia dakika tatu nne kabla. Ndani ya kijitabu wameandika dakika 25 kwa vipani vidogo na mi naona ukizifuata zote unatoa mkaa, kwa oveni yangu 18 zinatosha.

Sasa kifimbo. Kiukweli hiki ndo kimeniuza. Ni cha mbao, kifupi, unene wake unaenea mkono wa mtoto wa miaka minne, na mwishoni kila upande kuna pete za plastiki unazivalisha na kuzivua, jozi moja inaacha donge kwenye unene wa milimita 3 na nyingine milimita 6. Aliyewahi kumpa mtoto donge asukume anajua kinachotokea: anaegemea upande mmoja kwa uzito wake wote, upande ule unakuwa karatasi na upande wa pili unabaki kisigino, ukioka karatasi inaungua kisigino kinabaki kibichi, na ukimwambia "sukuma sawasawa" ni maneno tu hayana maana kwake. Zile pete zinamaliza huo ubishi, akibonyeza mpaka mwisho kifimbo kinakaa juu ya pete, hakiendi chini zaidi ya hapo. Mdogo anafanya kazi ya kweli na matokeo yake ni ya kweli, hakuna mtu anayepita nyuma yake kurekebisha. Mi natumia za milimita 3 kwa vipani vidogo. Weka donge katikati ya karatasi mbili za kuokea ili usije ukamwaga unga mwingi mezani, unga unaoongeza wakati wa kusukuma wote unaingia kwenye donge na kulifanya gumu, na kila baada ya misukumo michache mzungushe robo. Namaanisha donge, siyo mtoto, ingawa wangu huwa anazunguka naye.

Kisu nitakimaliza haraka. Ni cha plastiki, kina meno butu, donge kinakata vizuri tu na ndizi kinakata, ukikipeleka kwenye tofaa kinateleza juu ya ganda na mkono wa mtoto unafuata nyuma. Kisu butu kinachoteleza ni hatari kuliko watu wanavyodhani maana mtoto anaongeza nguvu. Huyu wa miaka minane nimempa kisu kidogo cha kweli, tofaa nalikata nusu mimi kwanza ili lilale upande bapa chini lisibiringike, vidole vya mkono unaoshika vimekunjwa ndani, na mi nimesimama hapo hapo siendi kupokea simu. Mdogo ana ndizi zake na kile kisu cha plastiki na anaridhika, lakini kwa kazi hiyo hata kisu cha kupakia siagi kingetosha. Brashi iko sawa. Aproni kamba ya shingoni haina pa kurekebisha, kwa mkubwa inabana kwa mdogo inaburuza, fundo moja limetatua. Kikatio cha duara kina upana wa sentimita 9 na vipani ni sentimita 10 na vina kuta, sa donge la sentimita 9 litapandaje ukutani jamani? Sijui nani alipima. Tunatumia bakuli dogo kama kipimo, sentimita 13 au 14 hivi, mtoto anazungushia kisu chake butu, angalau hapo kinafaa.

Kijitabu sasa, na hapa nina malalamiko ya msingi.

La kwanza wameandika vipimo kwa vikombe na hawajasema kikombe kipi. Kikombe cha kupimia sehemu nyingine ni mililita 250, cha Marekani ni kama 237, na hata ukipata kikombe chenyewe, unga unategemea umeuchota vipi, ukiuzamisha kikombe ukashindilia unaweza kupata gramu 150, ukiumimina taratibu na kijiko unapata 120, na kwa donge la tati tofauti hiyo ndo tofauti ya donge linalosukumika na donge linalopasukapasuka. Pima kwa mizani. Tena watoto wanapenda mizani kuliko kitu chochote kwenye hili zoezi zima, mkubwa anasoma namba, mdogo anamwaga unga kidogo kidogo na kusimamishwa kwa kelele. Mi donge langu ni rahisi sana kukumbuka, unga mara mbili ya siagi: gramu 200 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 100 za siagi baridi iliyokatwa vipande vidogo, chumvi kidogo, maji ya baridi vijiko vitatu au vinne vya chakula. Linatosha vipani vyote sita na vipande vya pembeni vinabaki vya mtoto kutengenezea anachotaka.

La pili, kijitabu kinasema "kanda vizuri mpaka donge liwe laini." Hapana. Hilo ni agizo la mkate. Kwenye tati siagi inatakiwa izunguke chembe za unga ili maji yasizifikie sana, maji yakikutana na unga alafu ukakanda zile nyuzi za ngano zinajengeka, donge linakuwa la kuvutika, linatoka oveni gumu na limenywea. Kwa hiyo kazi ya mtoto ni kusugua siagi na unga kwa ncha za vidole tu, anainua juu anaachia inadondoka kwenye bakuli, mpaka inakuwa chengachenga, alafu maji unaweka wewe kijiko kimoja kimoja, donge likishikana tu mnaacha. Watoto viganja vyao vina moto, siagi inayeyuka haraka, ndo maana mi bakuli naliweka kwenye friji kabla na tunasugua kwa zamu, mmoja akihesabu mpaka thelathini mwenzake anafanya. Kuhesabu kumepunguza ugomvi kuliko chochote nilichowahi kujaribu humu ndani, hilo siyo sifa ya seti lakini naliweka.

La tatu ndo baya zaidi, hawajataja kabisa kupumzisha donge. Unasoma changanya, sukuma, weka kwenye kipani, oka. Ukifuata hivyo kuta zinateremka zote, unafungua oveni unakuta kitu bapa mfano wa biskuti kimelala chini ya kipani na mtoto anakuangalia wewe. Donge linataka nusu saa kwenye friji, limefungwa vizuri lisikauke, na ukishalitandaza kwenye vipani lirudishe tena japo dakika kumi na tano. Najua, najua, nusu saa na mtoto wa miaka minne ni mwaka mzima. Dawa yake mi nimegawa kazi mara mbili, donge tunafanya jioni linalala kwenye friji, linakaa hata siku mbili bila tatizo, kesho yake tunaanzia kwenye kusukuma ambako ndo kuna raha. Likitoka limegoma kama jiwe liache nje dakika chache kabla ya kumpa mtoto kifimbo, vinginevyo anapiga badala ya kusukuma.

Kutandaza kwenye kipani kuna ujanja ambao mkubwa wangu sasa anamfundisha mdogo wake, na ningependa kijitabu kingekuwa na picha yake. Usivute donge kulifikisha kwenye pembe. Donge lililovutwa linarudi. Unalilegeza ndani, alafu unachukua kipande kidogo cha donge kilichobaki, unakifanya kidonge, na hicho ndo unabonyezea pembeni na kwenye mikunjo badala ya kidole, kucha za watoto zinatoboa. Nimemtazama mdogo akifanya hivi kwa karibu, ulimi nje, anabonyeza mkunjo mmoja anahamia wa pili anahesabu kimoyomoyo na akiruka mmoja anarudi. Ukingo unaozidi juu unapitisha kifimbo juu ya kipani na kinakata chenyewe, ule ukingo wa chuma ni mkali kiasi cha kukata donge, na hapo tena ni kazi ya mtoto.

Halafu kuna ukurasa wenye mtoto analamba mwiko wenye donge bichi. Waliopitisha hiyo picha sijui walikuwa wanafikiria nini. Siyo mayai tu, unga wenyewe haujapikwa, unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na unga unasalimika ukishaokwa. Kwangu sheria ni kwamba donge halionjwi, jemu inaonjwa, na kijiko cha kuonjea jemu kipo pembeni ili wasione wamenyimwa kila kitu. Mikono kunawa kabla na baada pia, siyo kabla tu.

Mapishi yenyewe kwenye kijitabu ni matatu, jemu, kastadi na matunda. Ya jemu ndo ya kuanzia na watoto, donge unaoka pamoja na jemu yake moja kwa moja, nyuzi 190, ila kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa kila kipani na siyo zaidi hata wakilia, jemu ikichemka inapanda, inamwagika, inaganda kati ya kitako na pete na hapo kitako chako cha kutoka hakitoki tena. Na kikishatoka oveni, jemu inashika joto muda mrefu kuliko donge, ganda limepoa mtoto anadhani yote imepoa, anauma, ulimi unaungua. Nusu saa ndo waguse. Kastadi ya kwenye kijitabu ina mayai manne kwa kikombe cha maziwa, inatoka nzito sana kama mayai ya kukaanga yenye sukari, mi natumia mayai mawili, mililita 250 za maziwa, gramu 50 za sukari na vanila, ganda la donge limeshaokwa tayari likiwa tupu, nyuzi 160 kama dakika ishirini na naitoa katikati ikiwa bado inatikisika maana inaendelea kushikana nje ya oveni. Matunda sina la kusema, panga juu ya kastadi iliyopoa, basi.

Usafi: sehemu ambayo rangi nyeusi imekwanguka inaota kutu, na inaanzia kwenye ule mdomo wa pete ambako maji yanajificha. Kipani kimoja changu kimeshaanza vidoa, mtu mmoja humu ndani, simtaji, alitolea tati kwa uma. Sifongo laini, sabuni, hakuna waya wa chuma, alafu virudishe kwenye oveni iliyozimwa ikiwa bado na uvuguvugu vikaukie humo. Vitako vihifadhi pamoja na pete zake, vinafanana ila vingine vinakaa vimelegea kidogo ukivichanganya.

Nyota nimetoa nne. Mwenye watoto wakubwa, kuanzia minane kwenda juu, anaweza kununua vipani vya kitako cha kutoka na kifimbo cha pete vikiwa peke yake akaokoa hela, mwenye wadogo boksi lenye picha lina kazi yake, wangu alilibeba mpaka kitandani.

Kuna kitu sijakitaja mpaka sasa, chini kabisa kwenye boksi kuna kimfuko cha vishanga vya kauri, ni vya uzito, unaweka juu ya karatasi ndani ya ganda tupu ili lisivimbe wakati linaokwa bila kitu ndani, dakika 15 nyuzi 180, unavitoa na karatasi yake, unarudisha ganda dakika tano hadi nane likauke. Vinafanya kazi. Ila ni vidogo, vinateleza, vina rangi za kuvutia, vikimwagika vinakimbilia chini ya kabati na mtoto anayetambaa ndo wa kwanza kuviona. Mi nimevifungia juu, natumia maharage makavu, kazi ni ileile na yakishaokwa hayapikwi tena kuliwa, yana chupa yake imeandikwa. Kwa hiyo boksi likifika lifungue wewe kwanza, toa hicho kimfuko, ndo uwaite watoto.